Maisha ya Florence Nightingale, Muuguzi Aliyehesabu Nguvu Zake

Katika ukurasa huu tunawaletea maisha ya mtu wa zamani, na mara hii tumemchagua Florence Nightingale. Wauguzi wengi wanamfahamu kwa picha: mwanamke mwenye taa mkononi, akipita usiku kati ya vitanda vya askari. Picha hiyo ni ya kweli, lakini inaonyesha miezi 20 tu ya maisha ya miaka 90. Sisi tunataka kusimulia zaidi ile miaka mingine. Maana wengi wetu hapa kambini, wauguzi, walimu, wahamasishaji wa afya, wazee wa kanisa na akina mama wanaobeba kamati tatu kwa mpigo, tunalalamika kila siku kwamba saa hazitoshi. Huenda kinachotuishia si saa.

Alizaliwa tarehe 12 Mei 1820 katika mji wa Florence, Italia, ndiyo maana akapewa jina hilo. Wazazi wake walikuwa Waingereza matajiri. Tarehe 7 Februari 1837, akiwa na miaka 16, alisikia Mungu akimwita amtumikie, ila hakuambiwa katika kazi gani. Alipotambua kwamba ni kuuguza wagonjwa, nyumbani walikataa kabisa, kwa sababu siku zile uuguzi ulihesabiwa kuwa kazi ya wanawake wasio na heshima. Alingoja miaka mingi. Mwaka 1851 alipata miezi mitatu ya kujifunza kwa mashemasi wanawake wa Kaiserswerth, Ujerumani, na mwaka 1853 akakabidhiwa hospitali ndogo ya wanawake huko London.

Kisha vita vikaja. Waingereza, Wafaransa na Waturuki walipigana na Warusi kule Krimea, na majeruhi walivushwa kwa meli katika Bahari Nyeusi hadi Scutari, ng'ambo ya Istanbul. Rafiki yake Sidney Herbert, aliyekuwa waziri serikalini akihusika na mambo ya jeshi, alimwomba aende. Alifika tarehe 4 Novemba 1854 pamoja na wanawake 38. Walikuta kambi ya askari iliyogeuzwa hospitali, mifereji ya choo imeziba chini ya sakafu, na vitanda ambavyo yeye mwenyewe alihesabu kuwa safu ya karibu kilometa sita. Februari 1855, katika kila wagonjwa 100 walikufa 42. Ilipofika Juni walikufa wawili. Watu walisema ni taa ile. Ukweli ni kwamba mwezi Machi serikali ilileta tume ya usafi, ikazibua mifereji, ikapaka kuta chokaa na kuingiza hewa. Florence alilielewa jambo hilo vizuri baadaye, akalitetea maisha yake yote.

Alipokuwa huko alifanya kazi kama mtu asiye na mwili. Mchana ni stoo, nguo, chakula na ugomvi na maofisa. Usiku ni vitanda, na baada ya vitanda ni barua. Mei 1855 alikwenda Krimea kwenyewe, akaanguka kwa homa kali, wakadhani atakufa. Alipopata nafuu walimshauri arudi kwao. Alikataa, akakaa hadi vita vilipokwisha. Agosti 1856 alirudi kwa jina la Bi. Smith ili asipokewe kwa shangwe.

Hapa ndipo masimulizi mengi hukoma, na hapa ndipo letu linaanza hasa.

Alirudi amekonda, hana usingizi, chakula hakishuki. Lakini alitaka askari wasife tena kwa uchafu wakati wa amani, kwa hiyo hakupumzika hata mwezi. Serikali ikaunda tume ya kuchunguza afya ya jeshi, mwenyekiti akiwa Sidney Herbert, na Florence, ambaye kwa kuwa mwanamke hakuweza kuwa mjumbe, ndiye aliyeandaa hesabu na maswali ya mashahidi. Aliandika pia ripoti yake ya zaidi ya kurasa 800. Kiangazi chote cha 1857 alifanya kazi hivyo katika vyumba vya hoteli London, huku mama na dada yake wamelala kwenye makochi ya chumba kile kile, wakiambiana wasijichoshe kwa kupanga maua. (Hili ni la kwake mwenyewe kulisimulia, na alilisimulia kwa hasira.) Mwezi Agosti mwili ulikataa. Moyo ulimdunda, hakuweza kusimama, akapelekwa Malvern kwenye tiba ya maji. Alikuwa na miaka 37, na alijiandaa kufa.

Ilikuwa homa ya Krimea iliyokuwa ikimrudia. Wengine walisema baadaye kwamba alijifanya mgonjwa. Lakini mwaka 1995 daktari mmoja alieleza kwamba dalili zake zinafanana na bruselosisi, ugonjwa unaotokana na maziwa ya mbuzi au ng'ombe yasiyochemshwa, ambao unaweza kumrudia mtu kwa miaka mingi kwa homa, uchovu na maumivu ya mgongo. Sisi tunaoishi na mifugo tunaweza kuamini hilo.

Basi alifanya nini? Aliacha kuuliza siku ina saa ngapi, akauliza ana nguvu kiasi gani, na nguvu hizo ziende wapi. Shangazi yake, Mai Smith, alikaa mlangoni. Aliyetaka kumwona aliandika kwanza, akapewa siku na saa, akaingia peke yake. Hakuonana na watu wawili kwa wakati mmoja, kwa sababu aliona kwamba mazungumzo ya watu wengi yalimmaliza kuliko kuandika kurasa nyingi. Kabla ya mgeni mkubwa alilala, na baada yake alilala tena. Mialiko na matembezi vilikwisha. Hata mama na dada yake aliwazuia, jambo lililowauma sana. Daktari John Sutherland, aliyekuwa katika ile tume ya usafi ya Scutari, alikuja kufanya kazi naye akikaa chumba cha chini, naye Florence juu. Kwa kuwa daktari hakusikia vizuri, walipelekeana vikaratasi vya penseli ngazini.

Kutoka kitandani mle kilitoka kitabu chake kidogo juu ya uuguzi, mwishoni mwa 1859. Humo aliandika jambo ambalo kila kiongozi hapa angelisoma mara mbili: kwamba msimamizi hapimwi kwa yale anayoyafanya mwenyewe, bali kwa yale yanayoendelea kufanyika akiwa hayupo. Mwaka 1860 shule yake ya uuguzi ilifunguliwa katika hospitali ya St Thomas', London, ikiwa na wanafunzi 15. Hakuisimamia yeye. Alimwachia metroni wa pale, Bi. Wardroper, akasoma taarifa za kila mwanafunzi, na kwa miaka mingi hakukanyaga. Aliandika juu ya afya ya jeshi na vijiji vya India miaka nenda rudi, wala hakuwahi kufika India.

Tunawasikia wasomaji wakisema: huyo alikuwa na fedha na watumishi, sisi tunasimama foleni ya maji na ya mgao, nani atakaa mlangoni kwetu? Ni kweli kabisa, wala hatutaki kulificha. Lakini fedha si jibu lote. Herbert alikuwa na mali kuliko yeye, na tazameni yaliyompata.

Tangu 1859 Herbert alikuwa waziri wa vita. Mwishoni mwa 1860 madaktari waligundua kwamba figo zake zimeharibika, ugonjwa usiokuwa na tiba wakati ule, wakamwambia apumzike. Yeye na Florence walishauriana. Wakakata shauri aache kiti chake katika bunge la chini, lakini abaki wizarani, kwa sababu kazi ya kuipanga upya wizara ile ilikuwa haijaisha. Alijikokota miezi kadhaa. Juni 1861 alikuja kumwambia kwamba ameshindwa. Florence, aliyekuwa akilinda nguvu zake mwenyewe kama mtu anavyolinda unga wa mwisho wa mgao, alimkaripia. Alimwona kama mtu aliyekuwa na karata zote nzuri mkononi akaacha mchezo. Tarehe 2 Agosti 1861 Herbert alikufa, akiwa na miaka 50.

Mwaka huo huo, mwezi Novemba, alikufa Arthur Clough, mshairi aliyeoa binamu yake. Huyu kwa miaka kadhaa alikuwa akitoka kazini kwake na kuja kumsaidia Florence kusahihisha chapa, kufunga vifurushi na kupeleka barua. Alikuwa na miaka 42. Hatusemi kwamba kazi ndiyo iliyowaua, maana wote wawili walikuwa wagonjwa. Ila Florence, aliyejua kuliko wote maana ya kuishiwa, hakutambua dalili zake kwa wenzake. Alimlilia Herbert miaka yote iliyobaki. Desemba ile yeye mwenyewe alizidiwa, na kwa karibu miaka sita hakutembea, akabebwa kutoka chumba hadi chumba.

Kuna wa tatu. Agnes Jones, mmoja wa wanafunzi bora wa shule yake, alikwenda Liverpool mwaka 1865 na wauguzi 12 katika hospitali ya nyumba ya maskini yenye wagonjwa zaidi ya 1,200. Aliamka kabla ya jua kuchomoza na kulala karibu na usiku wa manane. Februari 1868 alishikwa na homa ya chawa akafa, akiwa na miaka 35. Florence aliandika makala ya kumsifu na kuwaita wasichana wengine wachukue nafasi yake.

Katika miaka iliyofuata, barua zake zinamwonyesha kuwa mtu mpole zaidi. Katika nyumba yake ya mtaa wa South Street aliwaita wauguzi mmoja mmoja kwa chai, akawauliza wanalala vipi na wanakula nini. Muuguzi aliyechoka alitumiwa matunda na keki, na aliyedhoofika zaidi alilipiwa mapumziko pwani. Daktari Sutherland peke yake hakupata ahueni kubwa. Vikaratasi vile viliendelea kwa zaidi ya miaka 30, na baadhi vina ukali ambao sisi tusingependa kuandikiwa.

Uzeeni nguvu zilimrudia kidogo, akaweza kutoka tena. Macho yalififia, na mwaka 1907 mfalme alipomtunukia Nishani ya Ustahili, akiwa mwanamke wa kwanza kuipata, alikuwa karibu hatambui kinachoendelea. Alifariki akiwa usingizini tarehe 13 Agosti 1910. Kati ya siku aliyojiandaa kufa kule Malvern na siku hiyo ilipita miaka 53, na ndani yake aliandika vitabu, ripoti na vijitabu vipatavyo 200, na maelfu ya barua.

Serikali ilitaka azikwe Westminster Abbey pamoja na wafalme. Ndugu zake walikataa, kwa kuwa yeye alikwisha kusema hataki. Askari sita walibeba jeneza hadi kanisa dogo la East Wellow, akalazwa karibu na wazazi wake. Kwenye jiwe ziliandikwa herufi mbili, F.N., na miaka ya kuzaliwa na kufa.