Fritz Haber: mutu aliyetosha mbolea na baruti mu mupepo

Bandugu wa Kinsevere, kila mara sireni inalia na tunasogea mbali na karieri, tunangojea kazi ya mutu mumoja aliyekufa zamani. Jina yake Fritz Haber.

Alizaliwa tarehe 9 desemba 1868 ku Breslau, muji wa Ujerumani ambao leo uko mu Poland. Alisoma kemia. Wakati ule mashamba ya Ulaya yalichoka, na mbolea ya azoti ilitoka mbali sana, ku Chili, kwa meli. Kumbe azoti iko hapa hapa: mu mupepo tunaovuta, karibu sehemu 78 juu ya 100 ni azoti. Lakini inashikana mbili mbili kwa nguvu sana, na muhindi hauwezi kuikula vile.

Haber alitafuta madini ya kuifungua. Mu 1909, ku Karlsruhe, alipitisha azoti na idrojeni mu mashini yenye moto mukali na mukandamizo mukubwa, juu ya osmiumu. Amoniaki ikatonya, tone kwa tone. Alijaribu na uraniumu vilevile, ile batu wa Shinkolobwe banaijua. Lakini osmiumu ilikuwa kidogo sana duniani. Carl Bosch na Alwin Mittasch wa kampuni BASF bakajaribu maelfu ya mara mupaka bakapata chuma cha kawaida kilichochanganywa na vitu vingine kidogo. Chuma kile kinashika azoti, kinaiachanisha, inaungana na idrojeni, na chuma chenyewe kinabaki. Izini ya Oppau ikaanza mu 1913.

Amoniaki inatoa mbolea ya muhindi wa bukari yetu. Inatoa pia nitrati ya amoniumu, ile inachanganywa na mazuti kwa kupasula mawe.

Vita ikakuja mu 1914. Amoniaki ikageuka baruti ya jeshi. Haber mwenyewe akasimamia gazi ya klori iliyotupiwa basoda ku Ypres, mu Ubelgiji, tarehe 22 aprili 1915. Siku kumi kisha, bibi yake Clara Immerwahr, naye mwanakemia, akajiua. Kisha Haber akarudia ku vita.

Alipewa zawadi ya Nobel ya 1918 kwa ajili ya amoniaki. Mu 1933 Hitler akafukuza Bayahudi ku kazi ya serikali. Haber, naye Muyahudi wa kuzaliwa, akaacha kazi na inchi. Alikufa ku Basel, mu Uswisi, tarehe 29 januari 1934.

Lakini sisi batumikaji tuko na tarehe ingine ya kukumbuka: 21 septemba 1921. Ku Oppau, mbolea yenye nitrati ilikuwa imegandamana mu depo kama jiwe. Batumikaji bakailegeza na baruti kidogo, sawa vile bakubwa balibaambia, sawa vile balifanya mara maelfu bila shida. Asubuhi ile depo ikalipuka. Batu zaidi ya 500 bakakufa, na nyumba nyingi zikaanguka.

Njo maana mu sendika tunarudilia kila siku: mutu asiseme kwamba tunafanya hivi tangu zamani. Mbele ya kutega, uliza bidhaa ni gani, nani aliikagua, batu bote batoke. Na ukiona mambo hayaendi muzuri, simamisha kazi. Bibi na batoto banakungojea ku nyumba.