Hans Creutzfeldt, munganga ambaye jina lake lilifuata ugonjwa wa ngombe wazimu

Mwezi wa tatu 1996, serikali ya Uingereza ilikubali kwamba ugonjwa wa ngombe wazimu pengine umewaingia watu kupitia nyama. Tangu siku hiyo jina la munganga wa Ujerumani, Hans Gerhard Creutzfeldt, likasikika redioni kila mahali. Mwenyewe alikuwa amekufa tangu 1964, na ugonjwa huo wa ngombe ulitambuliwa mwaka 1986 tu.

Alizaliwa tarehe 2 mwezi wa sita 1885 huko Harburg, ambayo leo ni sehemu ya mji wa Hamburg. Baba yake pia alikuwa munganga. Akiwa kijana alifanya kazi Breslau, kwa Alois Alzheimer, na hapo alimfuata mgonjwa mmoja, mwanamke kijana aliyeyumba akitembea na kupoteza akili, hadi alipokufa mwaka 1913. Vita vikachelewesha maandishi, yalitoka 1920. Mwaka uliofuata Alfons Jakob akaeleza wagonjwa wengine, na 1922 majina yao mawili yakaunganishwa. Cha ajabu, wataalamu wengi wa leo wanaona kwamba mgonjwa yule wa Creutzfeldt alikuwa na ugonjwa mwingine.

Tangu 1938 aliongoza kliniki ya magonjwa ya akili kwenye chuo kikuu cha Kiel. Hapa maisha yake si meupe wala meusi. Alikuwa akilipa mchango kwa SS, jeshi la chama cha Hitler. Lakini bibi yake Clara alifungwa kwa kuisema vibaya serikali, na yeye alisaidia baadhi ya wagonjwa wake wasiuawe, wakati ambapo serikali iliua wagonjwa wa akili zaidi ya 70.000. Mmoja wa wakubwa wa mauaji hayo, munganga Werner Heyde, alijificha kisha vita katika jimbo lilelile la Kiel akitumia jina la Sawade, na mahakama zilimlipa kama mtaalamu. Mwaka 1954 Creutzfeldt aliandika barua kumfichua. Hawakumsikiliza, Heyde alikamatwa 1959.

Sasa turudi kwa ngombe. Ugonjwa unatokana na prioni, yaani protini ya ubongo iliyojikunja vibaya na kuharibu zingine. Ngombe wa kwanza aliyezaliwa Ujerumani na kugundulika nao, mwezi wa kumi na moja 2000, alitoka Schleswig-Holstein, jimbo ambalo Kiel ni mji wake mkuu. Mwaka 2004 watafiti wa Ujerumani walionyesha kwamba ngombe hawako sawa mbele ya ugonjwa: wale ambao kipande kidogo kinakosekana katika sehemu inayoamuru jeni ya protini hiyo, walionekana zaidi kati ya wagonjwa. Kwa watu pia, karibu wote waliopata aina iliyotoka kwa ngombe walikuwa na umbo moja la jeni hiyo.

Halafu ikaja kesi ya Alabama, Marekani, mwaka 2006. Ngombe jike mmoja alikutwa na badiliko la jeni kwenye namba 211, sawasawa na badiliko la namba 200 ambalo kwa watu linarithisha ugonjwa wa Creutzfeldt-Jakob katika familia. Ndama wake, aliyezaliwa 2005, alipopimwa alikutwa nalo.