Omar ibn Said: Elimu Iliyovuka Bahari

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.). Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba wake.

Ndugu mwanafunzi, huenda umewahi kujiuliza: kwa nini nihifadhi sura, na msahafu upo nyumbani? Maisha ya Omar ibn Said yana jibu.

Omar alizaliwa mnamo mwaka 1770 huko Futa Toro, kando ya mto Senegal, Afrika ya Magharibi. Alikuwa Mfulani. Alisoma kwa mashekhe muda wa miaka 25, mmoja wao akiwa ndugu yake mwenyewe, Sheikh Muhammad Said. Kisha alirejea kwao, akakaa miaka sita.

Mwaka 1807 jeshi kubwa lilivamia, likaua watu wengi. Omar alikamatwa, akapelekwa pwani na kuuzwa. Baada ya mwezi mmoja na nusu baharini alishushwa Charleston, nchini Marekani. Tarehe 1 Januari 1808 Marekani ilianza kupiga marufuku kuingiza watumwa kutoka nje, lakini yeye alikuwa ameshauzwa.

Aliangukia kwa mtu mwovu asiyemcha Mungu, akatoroka. Alitembea kiasi cha mwezi mzima hadi mji wa Fayetteville, North Carolina. Huko aliingia katika nyumba ili asali, akaonekana, akakamatwa na kutiwa jela siku 16. Yasimuliwa kwamba mle jela aliandika Kiarabu ukutani kwa makaa, watu wakaja kumtazama kwa mshangao. Hatimaye alinunuliwa na James Owen. Familia hiyo haikumtesa, na mwenyewe aliishukuru, ila haikumpa uhuru wake.

Mwaka 1831 aliombwa aandike habari za maisha yake. Aliandika kurasa 15 kwa Kiarabu. Aliomba radhi kwamba amesahau mengi ya lugha yake na ya Kiarabu. Hata hivyo, kabla ya kujieleza, alianza kwa kuandika Suratul Mulk kutoka kichwani mwake, baada ya miaka 24 bila mwalimu. Tafakari, ndugu msomaji. Neno letu "kumiliki" latokana na asili hiyo hiyo ya mulk. Mtu aliyemilikiwa na wenzake alitanguliza sura inayosema kwamba ufalme wote umo mkononi mwa Mwenyezi Mungu.

Omar alibatizwa kanisani, na waandishi wa huko wakamtangaza kuwa Mkristo. Wanahistoria wangali wanalijadili jambo hilo. Mtumwa hana hiari kamili, na yaliyomo moyoni anayajua Mola wake. Lakini ipo karatasi aliyoiandika mwaka 1857, akiwa mzee sana. Nyuma yake mtu mwingine aliandika kwamba ni sala ya Wakristo. Wajuzi wa Kiarabu walipoisoma, walikuta ni Suratun Nasr.

Alifariki mwaka 1864, akiwa bado mtumwa. Mwaka uliofuata utumwa ulifutwa Marekani nzima. Kitabu chake kilipotea miaka mingi, kikapatikana, na tangu 2017 kimo katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Mjini Fayetteville upo msikiti unaoitwa kwa jina lake.

Mafunzo tunayoyapata:

1. Mali, nyumba, hata uhuru, mtu aweza kunyang'anywa. Elimu iliyo kifuani haiuziki mnadani.

2. Subira si kunyamaza tu. Omar alitoroka, aliandika, na alitumia kila alichobakiwa nacho.

3. Elimu isiporejewa hupungua. Omar alisahau kwa kukosa wa kusoma naye. Sisi tunao walimu na wenzetu, basi udhuru wetu ni upi?

4. Tusifanye haraka kumhukumu aliye katika dhiki. Hatujui alichokificha ili kukiokoa.

Wazazi wetu, mtoto anaporudi chuoni jioni, msikilizeni sura yake, ijapokuwa fupi. Hatujui siku gani ataihitaji, wala akiwa wapi.

Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa, na atuthibitishe wakati wa shida na wa raha. Amin.