Augustus: Kaisari aliyekufa kabla urithi wake haujatulia

WASOMAJI wengi humfahamu kupitia Injili ya Luka, ambako ndiye Kaisari Augusto aliyetoa amri ya watu kuandikishwa. Wengine hulitaja jina lake kila mwaka bila kujua, kwani mwezi wa Agosti ulipewa jina hilo kwa heshima yake. Ni katika mwezi huohuo, tarehe 19 ya mwaka 14, alipofariki dunia mjini Nola, kusini mwa Italia.

Alizaliwa Roma mwaka 63 Kabla ya Kristo, akaitwa Gaius Octavius. Julius Caesar, kaka wa bibi yake mzaa mama, alipouawa mwaka 44, wosia ulimtaja kijana huyo wa miaka 18 kuwa mwanawe wa kupanga. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilifuata, hadi alipomshinda Mark Antony na Malkia Cleopatra wa Misri huko Actium mwaka 31. Miaka minne baadaye Baraza la Seneti lilimpa jina la Augustus.

Hakujiita mfalme. Warumi walilichukia neno hilo, na Caesar aliuawa kwa kushukiwa kulitamani. Seneti iliendelea kukutana na viongozi walichaguliwa kama zamani, ila majeshi na hazina vilikuwa mikononi mwake. Ulikuwa ujanja mkubwa, lakini wenye kasoro moja: kiti kisichokuwapo kisheria hakikuwa na sheria ya kukirithi.

Aliowaandaa walitangulia kaburini, wakiwamo wajukuu wake Lucius na Gaius. Mwaka 4 alimpanga Tiberius, mtoto wa mkewe Livia, ambaye alikuwa na umri wa miaka 44. Mjukuu mwingine, Agrippa Postumus, alipangwa pamoja naye, kisha akafukuziwa katika kisiwa cha Planasia.

Mwaka 14 ilikamilika sensa iliyohesabu raia wa Roma 4,937,000. Kiangazi hicho mzee huyo alimsindikiza Tiberius aliyekuwa akielekea Illyricum, akaugua tumbo njiani. Alikata roho katika nyumba aliyofia baba yake, zikiwa zimebaki siku 35 atimize miaka 76.

Postumus aliuawa mara moja kisiwani. Tiberius alikana kutoa amri, na wanahistoria wangali wanabishana kuhusu aliyeitoa. Julia, binti pekee wa marehemu, naye alikufa mwaka huohuo akiwa bado uhamishoni.

Hatari kubwa ilitoka kambini. Vikosi vya Pannonia viliasi, vikidai dinari moja kwa siku na utumishi usiozidi miaka 16. Drusus, mwana wa Tiberius, alitumwa kuvituliza. Usiku wa kupatwa kwa mwezi, mwishoni mwa Septemba, askari waliingiwa na hofu, naye akaitumia kuwarudisha kwenye utii. Kwenye mto Rhine baadhi ya waasi walitaka kumsimika Germanicus badala ya Tiberius; alikataa, akawalipa fedha.

Augustus alikuwa ameacha maelezo ya matendo yake, yaliyochorwa kwenye nguzo za shaba mbele ya kaburi lake. Nakala yake ingalipo Ankara, Uturuki, kwenye kuta za hekalu. Humo anahesabu ushindi, michezo na fedha alizowagawia watu. Antony hatajwi kwa jina, wala vikosi vitatu vilivyoangamia katika msitu wa Teutoburg mwaka 9.