Samuel Gompers, Mtu wa Vitendo

Wako viongozi wa wafanyakazi waliosifika kwa kunena, na wako waliosifika kwa kutenda. Leo twapenda kuwakumbusha wasomaji wetu habari za mmoja wa hao wa pili, marehemu Samuel Gompers wa Marekani.

Alizaliwa London mwaka 1850, mwana wa fundi maskini wa kuviringisha sigara nene za majani ya tumbaku. Mwaka 1863 jamaa yake walihamia New York, naye akashika kazi ya baba yake. Katika karakana zile ilikuwa desturi mfanyakazi mmoja kuwasomea wenzake kwa sauti huku mikono yao ikiendelea na kazi. Humo Gompers alizisikia nadharia za ujamaa, akajifunza hata Kijerumani apate kuzisoma mwenyewe. Lakini mgomo mkubwa wa mwaka 1877 ulishindwa. Matajiri wakakataa kumwajiri, na watoto wake wakaonja njaa. Ndipo alipotambua kwamba nadharia peke yake haijazi chungu.

Basi yeye na wenzake wakakijenga chama chao upya. Ada ikapandishwa. Ikawekwa akiba ya migomo, msaada wa wagonjwa na fedha za maziko. Tawi lenye akiba likalisaidia tawi lililopungukiwa. Mwaka 1886 mafundi hao wakapata siku ya kazi ya saa 8. Mwaka huohuo likaundwa Shirikisho la Wafanyakazi la Marekani, ambalo Gompers aliliongoza mpaka kufa kwake mwaka 1924, isipokuwa mwaka mmoja tu. Mwaka 1920 wanachama wake walikuwa kama milioni 4.

Hata hivyo haitupasi kuuficha upungufu wake. Vyama vingi vya shirikisho lile viliwafungia mlango watu weusi, naye akaviachia. Wachina aliwapinga waziwazi wasiingie nchini. Na vibarua wa viwanda vikubwa, wasio na ufundi, wengi wao waliachwa nje.

Ada ya mja hunena, muungwana ni vitendo. Hilo twalikubali. Lakini kila kitendo chapasa kuulizwa chamfaa nani, na apuuzaye fikra hukosa kipimo cha kumjua mwenzake ni nani. Mwanachama alipaye ada yake bila kukosa ametimiza nusu ya kazi; nusu iliyobaki ni kuwafungulia mlango wale ambao Gompers aliwaacha kizingitini.