Muyaka: Malenga wa Mvita aliyetunzwa vichwani mwa watu

Kabla ya marapa wetu kuanza kurushiana vijembe mitandaoni, Mombasa ilikuwa na jamaa aliyeifanya kazi hiyo kwa mizani 16 kila mshororo. Jina lake Muyaka bin Haji al-Ghassaniy. Kama ulisomea Kenya, pengine ulikutana naye kwenye somo la ushairi, ukahesabu vina, ukafunga kitabu. Pole sana. Ulinyimwa uhondo wote.

Muyaka alizaliwa Mombasa, mji ambao wenyewe waliuita Mvita, karibu mwaka 1776, na akafariki karibu 1840. Alikuwa mfanyabiashara, mtu wa kusafiri kwa vyombo vya baharini. Wakati huo tungo nyingi zilizoheshimika pwani zilikuwa tenzi ndefu za dini. Muyaka hakuwa wa kwanza kutunga shairi fupi la mishororo minne, lakini ndiye aliyelitoa msikitini na kulipeleka sokoni. Alitunga kuhusu mapenzi, ndoa, safari, marafiki wanafiki na siasa. Alitumia Kimvita, lugha ya kwao, ile ambayo jirani yake aliitumia kuulizia bei ya samaki.

Na siasa ya enzi hizo ilikuwa moto. Mombasa ilitawaliwa na ukoo wa Mazrui, huku Sayyid Said wa Oman akiimezea mate. Muyaka alisimama na Mazrui bila kujificha. Karibu mwaka 1812, jeshi la Mombasa na Pate lilivamia Lamu likachapwa vibaya pale Shela. Lakini vita havikuwa vya bunduki pekee. Lamu walikuwa na Bwana Zahidi Mngumi, kiongozi na mshairi pia, na miji hiyo miwili ilikuwa ikitumiana mashairi ya mafumbo. Ukipokea shairi, kwanza ulifumbue, kisha ujibu kwa vina. Ukishindwa, aibu si yako peke yako, ni ya mji mzima. Hebu niambie, bifu gani ya siku hizi inafika hapo?

Mwaka 1837 Mombasa ikaangukia mikononi mwa Sayyid Said. Vigogo wa Mazrui wakakamatwa na kupelekwa kifungoni Bandar Abbas, Uajemi. Upande wa Muyaka ulikuwa umeshindwa, na kwa kawaida historia huwasahau walioshindwa.

Sasa sikiza maajabu. Muyaka alifariki bila kuacha kitabu kilichochapishwa. Miongo kadhaa baadaye, watu wa Mombasa bado walikuwa na mashairi yake kichwani. Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, msomi wa hapo hapo Mombasa, aliyakusanya na kuyaandika kwa hati za Kiarabu, akieleza na visa vilivyoyazaa. Alifanya kazi hiyo pamoja na mmisionari Mwingereza, William Taylor, na karatasi hizo zikaishia London. Mwaka 1940 William Hichens akachapisha diwani ya Muyaka huko Johannesburg, na mwaka 1979 Profesa Mohamed Abdulaziz akatoa kitabu kizima juu yake hapa Nairobi. Karne nzima tangu afe hadi diwani itoke, na daraja lenyewe lilikuwa vichwa vya watu.

Mbona nakuletea hadithi ya kale hivi? Kwa sababu leo unaweza kuiambia programu ya akili unde ikutungie shairi, na kabla hujameza mate limeshafika. Wasee wengi wanaoandika mistari mtaani wanajiuliza kama bado kuna haja ya kujisumbua. Mimi naona maisha ya Muyaka yanajibu. Shairi lake lilikuwa na mtu wa kulipokea, mtu wa kulikasirikia na mtu wa kulijibu. Alikuwa na kitu cha kupoteza pia, maana alitaja upande wake huku wenye nguvu wakisikia. Mashine haina mji wa kuutetea. Na chochote inachojua kumhusu Muyaka kilipitia kwanza mdomoni mwa mtu wa Mombasa aliyeona kinafaa kukumbukwa.

Lakini kumbukumbu hiyo pia huvuja. Baadhi ya tungo za Muyaka zinawatoa jasho hata wasomi, kwa sababu kisa kilichozizaa kimesahaulika. Maneno yapo, vina vipo, ila waliojua alikuwa anamsema nani walienda nayo kaburini. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi kuhusu sisi. Tutakuwa na mamilioni ya mashairi safi yasiyo na kisa, huku visa vya mtaa wetu vikikosa wa kuvitungia: bomoabomoa, kodi ya nyumba, mapenzi ya kwenye matatu.

Kwa hivyo kama unaandika, endelea. Tunga kuhusu mtaa wako, ukitumia lugha ya mtaa wako, kisha uwasomee watu wanaoweza kukujibu usoni. Na kama huandiki, kuwa Sikujua wa mtu: shika mistari yake kichwani, na ukumbuke ilimhusu nani.