Nordhoff, mzee aliyegoma kuiacha Beetle

Wadau, wengi tunaizimia Volkswagen Golf lakini Heinrich Nordhoff hatumjui. Huyu ndiye aliyeijenga Volkswagen, halafu akaiacha pabaya.

Alizaliwa 1899 Hildesheim, Ujerumani, akasomea uhandisi, akaingia Opel. Wakati wa vita alisimamia kiwanda chao cha malori Brandenburg, ambako watu kutoka nchi nyingine walifanyishwa kazi kwa nguvu. Hilo doa halifutiki. Vita ilipoisha, Wamarekani walimnyima uongozi kwenye eneo lao. Waingereza ndio wakamkabidhi Volkswagen ya Wolfsburg, Januari 1948.

Jamaa akakomaa na Beetle, ile yenye mgongo kama kobe, injini nyuma, inapozwa kwa hewa. Umbo hakuligusa sana, alirekebisha vya ndani, na kila alikouza gari alitaka spea na mafundi wawepo. 1955 ikatoka Beetle ya milioni moja. Alifariki Aprili 1968, bado akiwa bosi.

Tatizo kampuni ilikuwa inaning'inia kwenye gari moja la kizamani. 1974 ikapata hasara kubwa, na mwaka huohuo warithi wake wakatoa Golf: injini mbele, inapozwa kwa maji, tairi za mbele ndizo zinavuta, mlango wa nyuma unafunguka kwenda juu. Umbo alichora Mwitaliano Giorgetto Giugiaro. Kufika 2002, Golf zilizotengenezwa zikazidi Beetle.

Mimi naona ubishi ulimpa mzee jina, na ubishi huohuo nusura uimalize kampuni. Nyie mnasemaje?